Nilivyotembezwa mji mkongwe wa Quito: kilichonipendeza na kilichonikera

Ukijaliwa kufika Quito, mji mkuu wa Ekuador, lipia mtu akutembeze. Nasema hivi mimi wa Unguja, niliyekulia kuwakwepa papasi, wale wanaowaandama watalii, wa Shangani na Forodhani, na ambaye kumfuata mtu aliyenyanyua mwavuli barabarani huwa naona ni adhabu. Quito haisomeki kwa macho peke yake. Unaona kanisa, unaona kanisa jingine, halafu jingine tena, na usipokuwa na wa kukueleza utarudi hotelini na picha nyingi za milango.

Matembezi yenyewe yako ya namna mbili. Kuna yale yanayoitwa ya bure, ambayo si ya bure: mwisho wa safari kila mmoja humpa mwongozaji bakhshishi, na huo ndio ujira wake. Hayo mara nyingi hayaingii ndani ya majengo. Mimi nilichukua ya kulipia, ya nusu siku, kupitia wakala mmoja wa pale (jina kapuni), tukiwa kundi dogo na mwongoza watalii mwenye kitambulisho, mama wa makamo, Kiingereza chake kimenyooka na mzaha haumwishi.

Kwanza suala la pumzi. Quito ipo mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu wa pwani hilo si la kusoma na kupita. Ngazi chache tu moyo unadunda hadi masikioni. Usipange matembezi haya siku uliyotua. Ikweta inapita kaskazini kidogo mwa jiji, lakini joto lisahau. Aliyewahi kuamka Nanyuki ataelewa. Chukua koti, kisha jipake mafuta ya jua, maana jua la kule linaunguza huku unatetemeka kwa baridi.

Wakala alipanga vizuri kwa kuanzia juu, kwenye Basílica del Voto Nacional, ili baada ya hapo tuteremke tu. Kwa mbali utadhani ni kanisa la enzi za kati Ulaya, kumbe ni jengo la juzi: Papa Yohane Paulo II alilibariki mwaka 1985. Nililolipenda ni kutani. Mahali ambapo makanisa ya Ulaya huwekewa mashetani ya mawe, hapa wamechonga wanyama wa nchi yao: kobe, nyani, kakakuona, iguana. Kupanda minara kuna malipo yake mbali na ya kuingia kanisani, na kuna sehemu unapita juu ya dari kwa daraja la mbao kisha unapanda ngazi za chuma zilizosimama wima. Wawili katika kundi letu waligoma, na sikuwalaumu.

Kutoka hapo tulishuka kwa barabara ya García Moreno, ambayo wenyeji huiita ya Misalaba Saba, mpaka Plaza Grande. Huu ndio uwanja wa mamlaka: upande mmoja ikulu ya Carondelet, mwingine kanisa kuu, mwingine nyumba ya askofu mkuu, na upande uliobaki ofisi za jiji. Katikati mnara wa mashujaa wa tarehe 10 Agosti 1809, siku watu wa Quito walipojaribu kwa mara ya kwanza kumtoa Mhispania. Wengi wa viongozi wale waliuawa gerezani mwaka uliofuata, tarehe 2 Agosti. Uhuru wenyewe ulikuja baada ya vita vya mlima Pichincha, tarehe 24 Mei 1822, chini ya Jenerali Sucre, ambaye mabaki yake yamo humo humo katika kanisa kuu.

Mama yetu alikuwa na mapenzi ya ajabu na vifo vya wakubwa. Alitusimamisha mbele ya ikulu akatuonyesha ni wapi Rais Gabriel García Moreno alikatwa mapanga mchana kweupe, tarehe 6 Agosti 1875. Hatujamaliza kumeza mate, akatugeuza kuelekea kanisa kuu: humo, Ijumaa Kuu ya mwaka 1877, Askofu Mkuu Checa y Barba aliwekewa sumu katika divai ya misa. Anasimulia kama jirani aliyechungulia dirishani. Lakini kilichonishangaza zaidi ni chini ya ikulu: usawa wa barabara kuna vyumba vidogo vya biashara, na kinyozi yumo. Rais yuko juu, wewe chini unanyolewa ndevu. Najaribu kuwaza hilo kwetu, siwezi.

Sasa kanisa la La Compañía de Jesús. Kama una muda wa kuingia jengo moja tu Quito nzima, ingia hili. Wajesuti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, walianza kulijenga mwaka 1605 na uso wake wa mbele, wa jiwe la volkano lililochongwa kila inchi, ukamalizika 1765. Miaka 160. Miaka miwili baadaye mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuti katika makoloni yake yote. Ndani ni dhahabu. Sisemi rangi ya dhahabu. Ni dhahabu yenyewe, imefuliwa ikawa utando mwembamba kisha ikabandikwa juu ya mbao, kuanzia nguzo, kuta, mpaka dari.

Wenzangu walikuwa wanatazama dhahabu, mimi nikawa natazama nakshi. Ukutani na kwenye nguzo kuna nyota na pembe zinazofuatana bila mwisho, hakuna sura ya mtu wala mnyama. Mtu yeyote aliyesali katika msikiti wenye nakshi atazitambua bila kuambiwa. Nikauliza. Mama akafurahi, akaeleza kwamba ni ufundi wa Waislamu wa Hispania uliovuka bahari pamoja na mafundi na vitabu vyao vya michoro. Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu Hispania, ilianguka mwaka 1492. Wahispania wakaasisi Quito yao mwaka 1534. Katika ile miaka 42 dini ilipigwa marufuku, lakini mkono wa fundi haukusahau. Tulipoingia kanisa la San Francisco baadaye alinionyesha dari ya mbao ya sehemu ya waimbaji, imesukwa kwa mtindo huo huo. Kwa ajili ya robo saa hiyo peke yake nilihisi pesa yangu imerudi.

Kisha nikauliza swali la pili, na hapa ndipo ninapokuwa na neno na matembezi haya. Nani alilipia dhahabu hii?

Mama alinyamaza kidogo, si kwa kukosa jibu. Akasema: sukari. Wajesuti walikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika bonde la Chota, kaskazini mwa Quito, na waliolima ni Waafrika waliotumikishwa utumwani. Wajesuti walipofukuzwa, watu wale hawakuachiwa. Walihesabiwa pamoja na ng'ombe na mitambo, wakawa mali ya mfalme. Amri ya kukomesha utumwa Ekuador ilitolewa mwaka 1851. Wajukuu wao wako Chota hadi leo, wana ngoma yao iitwayo bomba, na kuna ukoo unaitwa Congo. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Agustín Delgado aliyeipeleka Ekuador Kombe la Dunia: ni mtoto wa Chota.

Haya yote aliyajua, tena kwa kina. Lakini hayamo katika ratiba. Nisingeuliza, tungetoka La Compañía tukiwa tumeambiwa miaka, idadi ya madhabahu na kuhusu ile picha kubwa ya Jehanamu iliyo karibu na mlango (ambayo kweli inatisha, kila mkosaji na adhabu yake), basi. Nilimwambia mama hilo baadaye tukitembea. Akajibu kwamba wakala huwapa waongozaji maelezo ya kufuata, na wageni wengi wanataka dhahabu, hadithi na chokoleti. Sawa. Ila kumtembeza mtu ndani ya kanisa lile bila kuitaja Chota ni kumwonyesha meza ya karamu na kumficha jiko.

San Francisco ndiko nilikokuwa na hamu ya kwenda kwa sababu ya hadithi ya Cantuña, na wao wenyewe wanaisimulia kwa madaha. Cantuña, fundi Muhindi wa pale (Wahindi Wekundu, si wa Bombay), alipewa zabuni ya kujenga baraza la mawe mbele ya kanisa, muda ukamwishia, akaweka mkataba na Ibilisi: roho yangu kwa baraza lililokamilika mpaka jiwe la mwisho kabla jogoo hajawika. Mashetani wakajenga usiku kucha. Alfajiri Cantuña akaonyesha pengo la jiwe moja lililokosekana, mkataba ukavunjika, roho ikapona. Watoto wa shule waliokuwapo uwanjani walikuwa wanalitafuta pengo hilo.

Hadithi tamu, lakini sikuipokea kwa moyo mweupe. Mafundi wa Quito walikuwa mabingwa bila msaada wa Ibilisi. Manuel Chili, aliyejulikana kama Caspicara, mchongaji mkubwa wa karne ya 18, alikuwa mwenyeji wa asili. Andrés Sánchez Galque naye hivyo hivyo. Mwaka 1599, hapo hapo Quito, alichora picha ya watu weusi watatu wa Esmeraldas, pwani ya Ekuador, Don Francisco de Arobe na wanawe wawili, wamevaa kola za Kihispania, vipini vya dhahabu puani, mikuki mkononi. Ni picha niliyoijua kabla ya safari na nilitumaini kuiona. Haipo Quito. Ilipelekwa kwa mfalme wa Hispania, na mpaka leo ipo Madrid. Mama alicheka akasema nimekosea mji.

Chakula. Hapa mwongozaji alistahili sifa, maana nilimwambia mapema kwamba mimi Muislamu, na tangu hapo kila kibanda aliuliza kwanza kabla sijauliza. Nguruwe ameenea kule, hasa wa kubanikwa mzima, kwa hiyo usile kwa kubahatisha. Nilikula locro, supu nzito ya viazi yenye jibini na parachichi, inayotosha kuwa chakula cha mchana. Sokoni Mercado Central wanakaanga samaki aina ya corvina akaja na viazi, na hapo nilijiona nyumbani. Mtaani kuna espumilla, povu la ute wa yai na mapera linalofanana na aisikrimu lakini haliyeyuki, na colaciones, karanga zilizovishwa sukari katika karai la shaba linalobembezwa juu ya makaa. Mla kashata hatasumbuka kuzielewa. Canelazo, kinywaji cha moto cha mdalasini, kwa kawaida hutiwa pombe kali. Omba kisichotiwa, wanacho. Msikiti upo Quito, ila si mji mkongwe. Uko upande wa kaskazini.

La Ronda, ule mtaa mwembamba wenye maua kwenye roshani, tuliupitia mchana na ulikuwa umelala. Uende jioni, vinginevyo uuache.

Ya kunikera, mbali na hilo la Chota, ni mawili. Bei ya wakala haikujumuisha viingilio, na hilo liliandikwa kwa herufi za sisimizi. Kila mlango tulitoa dola chache, na ukijumlisha si chache tena. Pili, tuliingizwa duka la kofia na chokoleti na kukalishwa humo kwa muda ambao ungetosha kuiona vizuri nyumba ya watawa ya San Francisco, tuliyoikimbilia. Uliza mambo hayo mawili kabla hujalipa, na uyatake kwa maandishi.

Kuhusu pesa na usalama: Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna kubadilisha fedha. Lakini noti ya 50 au 100 ni mzigo, hakuna mwenye chenji. Bakhshishi weka tayari ya noti ndogo au sarafu za dola moja, zinazopita sana kule. Treni ya chini ya ardhi ni senti 45 na ina kituo San Francisco penyewe; ni safi na ya haraka, kamata tu begi lako. Mchana mji mkongwe umejaa askari na watu, sikuona shida. Kilima cha El Panecillo, chenye sanamu ya Bikira mwenye mabawa iliyoundwa mwaka 1975 kwa vipande kama 7,000 vya aluminiamu, usikipande kwa miguu. Kila mwenyeji atakwambia uchukue teksi, na ikusubiri hapo hapo juu. Ukiwa juu unauona mji wote umejibana bondeni, na unaelewa kwa nini UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia, ya mwaka 1978, pamoja na Kraków, miaka 22 kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Nilimuuliza wakala kama ana safari ya Chota. Hana. Mama ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi: mabasi ya kwenda Ibarra yanaondokea kituo cha Carcelén, kaskazini mwa jiji, ukifika Ibarra unabadilisha gari la kwenda bondeni. Nenda asubuhi.