Vitabu vya bustani na mimea: kipi ununue, kipi uazime, kipi ukiache dukani

Kabla ya kulipia kitabu chochote cha bustani, fungua ukurasa wa nyanya. Ukikuta unaambiwa usie mbegu ndani ya nyumba mwezi Machi, miche itoke nje baridi kali ikishakwisha, kirudishe rafuni. Kimeandikiwa bustani ya Uingereza. Machi ya Morogoro ndiyo masika yanaanza, na shida yako pale ni mvua na ukungu wa majani. Maduka ya Dar na Nairobi yana vitabu vingi vya namna hiyo, tena vyenye picha za kutamanisha na bei ya kutisha.

Orodha hii ni ya mtu mwenye kiwanja au shamba dogo Afrika Mashariki. Karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza. Waandishi wetu wana deni hapo.

Namba moja, na kwa mbali, ni Useful Trees and Shrubs for Tanzania cha Mbuya na wenzake (1994). Aliye Kenya achukue ndugu yake, Useful Trees and Shrubs for Kenya cha Patrick Maundu na Bo Tengnäs (2005). Kwa macho hakivutii hata kidogo, ni michoro ya wino tu. Lakini kila mti umepangwa kwa utaratibu uleule: majina ya kienyeji lugha kwa lugha, unastawi wapi, una faida gani, unaoteshwaje, mbegu zake zinatunzwaje. Kipengele hicho cha mbegu peke yake kinarudisha pesa yako. Chukua mwarobaini: mbegu zake hupoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo ukiokota, osha nyama na usie upesi. Mgunga ni kinyume. Ganda lake ni gumu, mbegu inakaa muda mrefu bila kuharibika, na usipoiloweka usiku kucha kwenye maji ya moto yakapoa nayo humo, utamwagilia kitalu mpaka uchoke. Asiyejua haya humlaumu aliyemuuzia mbegu.

Majina ya kienyeji nayo si pambo. Bibi akikutajia mti kwa Kisambaa au Kihehe, unaufuata kwenye orodha ya lugha hiyo hadi jina la kisayansi, na kwa jina hilo unaweza kuagiza mbegu popote bila kupewa mti mwingine.

Kasoro ni mbili. Kwanza umri: migunga mingi humo bado ni Acacia, wakati wataalamu wameshaihamishia kwenye Vachellia na Senegalia, basi ukitafuta mtandaoni tumia majina yote. Pili, ni vitabu vya miti na vichaka. Ukitaka mboga, utatoka mikono mitupu. World Agroforestry, shirika la utafiti wa miti mashambani, wameviweka bure kwa pdf, kwa hiyo asiye na bajeti aanzie huko. Mimi bado napendelea karatasi, kwa sababu simu na mikono yenye udongo havielewani.

Kwa mboga, namba mbili ni Traditional Food Plants of Kenya cha Maundu, Ngugi na Kabuye, kilichotolewa na National Museums of Kenya mwaka 1999. Mnavu, mgagani na mlenda vimechukuliwa humo kwa uzito uleule ambao vitabu vya nje huipa kabichi. Kimeeleza mimea na jinsi jamii mbalimbali zinavyoila, na hilo mkulima wa mboga analihitaji kuliko anavyodhani: mgagani ni mchungu, na kama wateja wako hawana mazoea ya kuupika kwa maziwa, utaurudisha nyumbani umenyauka. Kwa Tanzania kipo Edible Wild Plants of Tanzania (2002), nacho ni kizuri, ila kimeegemea zaidi mimea ya porini kuliko ya tutani.

Namba tatu ni Field Guide to Common Trees and Shrubs of East Africa cha Najma Dharani. Hiki ndicho cha kubeba kwenye mkoba. Picha ni za rangi, na ukisimama chini ya mti usioujua unapata pa kuanzia. Usikitegemee kwa kupanda, si kazi yake.

Kenya Trees, Shrubs and Lianas cha Henk Beentje (1994) kiazime. Ni kitabu cha mtaalamu, kinene, cha funguo za utambuzi, yaani maswali ya hatua kwa hatua ya kuujua mmea. Anayesoma botania hatakiacha, mwenye bustani atakifungua mara moja. Flora of Tropical East Africa usiiwazie kabisa: ilianza kutolewa 1952 ikakamilika 2012, ina zaidi ya spishi 12,000 katika vijitabu chungu nzima. Isome maktaba ya chuo.

Kuna kimoja nakiweka mwisho kwa mapenzi tu: Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Jex-Blake, toleo la kwanza 1934. Ni bustani za walowezi, za mawaridi na ukoka uliokatwa na watumishi. Kwa mtu wa Limuru, Lushoto au Mufindi sehemu za maua bado zina maana. Sura za dawa za wadudu zirukwe. Dawa za zamani zile hazifai kukaribishwa nyumbani. Usinunue kwa bei ya kitabu kipya.

Asiyesoma Kiingereza aanze na jarida la Mkulima Mbunifu, la kilimo hai, kwa Kiswahili na bila malipo. Matoleo yake yapo mtandaoni.

Ukinunua mtumba, kwa wauza vitabu wa barabarani Posta au Nairobi katikati, kagua faharasa kabla ya jalada. Kurasa za mwisho ndizo hung'oka au huliwa na mchwa kwanza, na kitabu cha mimea kisicho na faharasa kinastahili nusu ya bei unayotajiwa.