Faiba ya mtaani kwetu: intaneti safi, barabara imebaki na kovu

Kampuni iliyotuletea intaneti ya faiba hapa Mbeya, upande wa Soweto, imefanya vizuri kazi tunayoilipia kila mwezi na imefanya vibaya kazi ambayo hakuna mteja aliyeandikiwa ankara yake, yaani kurudishia barabara iliyoikata. Jina lake naliacha, kwa kuwa tabia hii si yake peke yake. Wa maji na wa simu nao hufukua na kuondoka kwa mtindo huohuo.

Upande wa intaneti sina mengi. Kasi ni ile waliyoitangaza, haiyumbi hata jioni nyumba zote zinapokuwa mtandaoni, na fundi aliyefunga kifaa ukutani alikuwa mstaarabu na hodari. Nikiulizwa kuhusu hilo tu, nawapa alama za juu.

Tatizo liko nje ya geti. Ili kebo ivuke kwenda upande wa pili, vibarua waliikata barabara yetu ya lami nyepesi kwa sururu, wakaacha kingo zenye meno, na walipokwisha kulaza bomba la kebo wakarudisha shimoni udongo uleule uliotoka, ukiwa na vipande vya lami, mizizi na mifuko ya plastiki. Hapakuwa na kompakta, yaani mashine ya kushindilia udongo. Walikanyaga kwa miguu, wakapigapiga kwa mgongo wa chepe, kisha wakapaka zege jembamba juu. Nilipomuuliza msimamizi kwa nini hawashindilii, alinijibu kwa upole kabisa: “Mzee, usiwe na wasiwasi, mvua itashindilia yenyewe.”

Mvua haishindilii, inabomoa. Mtaro ndani ya barabara hujazwa tabaka kwa tabaka, kila moja la unene wa takribani sentimita 15, kwa kifusi safi chenye unyevu wa kiasi, na kila tabaka hushindiliwa kwa mashine kabla ya linalofuata kumwagwa. Juu yake hurudishwa tabaka la msingi, na kingo za lami ya zamani hukatwa upya kwa mstari ulionyooka, zikivuka ukingo wa mtaro, ili kiraka kikae juu ya ardhi ambayo haikuguswa na maungio yazibwe maji yasipite. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au zaidi, ufa mdogo pembeni ya kiraka unatosha kupitisha maji msimu mzima hadi tabaka la chini lilainike.

Ndivyo ilivyotokea. Zege lilipasuka kwanza, mtaro ukadidimia, na sasa kila bajaji inayopita huinama gurudumu la mbele, huruka, kisha hugonga ukingo wa pili, na ukingo huo umeanza kumeguka kuelekea sehemu ambayo hakuna aliyeichimba. Hapo ndipo penye hoja. Barabara huumia kwa upana kuliko mtaro, kwa sababu udongo wa pembeni hupoteza egemeo unapofukuliwa, na umri wa barabara nzima hupungua hata kama kiraka kimefanywa vizuri. Anayelipia kiraka peke yake bado anadaiwa.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inamtaka anayechimba ndani ya hifadhi ya barabara apate kwanza idhini ya mamlaka husika, ambayo kwa barabara za mitaa ni TARURA na kwa barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Kibali ni hatua njema, ila ninachokipigia debe ni ada ya uchakavu, yaani fidia ya umri ambao barabara imepoteza, inayolipwa pamoja na gharama za kurudishia. San Francisco, Marekani, ilianza kutoza ada ya namna hiyo tangu miaka ya 1990, ikihesabiwa kwa eneo lililokatwa na umri wa lami, na barabara mpya haikatwi kwa miaka 5 ila kwa sababu maalumu. Uingereza, chini ya sheria yake ya mwaka 1991, mchimbaji hudhamini kiraka chake kwa miaka 2, au 3 kama mtaro umezidi mita 1.5 kwenda chini.

Wapo watakaosema ada hiyo itarudi kwetu kupitia bei ya kifurushi. Huenda ikarudi, lakini gharama yenyewe ipo tayari, ila imefichwa. Fedha za Mfuko wa Barabara hutokana kwa sehemu kubwa na tozo ya mafuta, kwa hiyo kijana wa bodaboda pale Mwanjelwa, ambaye huenda hana hata simu janja, anachangia kuziba shimo la faiba yangu kila anapojaza petroli. Ni haki zaidi nilipe mimi ninayeitumia. Na kampuni ikijua kwamba kukata lami kuna bei, itatafuta njia nyingine: kutoboa chini kwa chini kwa mashine, kutundika kebo kwenye nguzo, au kukubaliana na wenzake wachimbe mara moja wakati mmoja.

Jirani akiniuliza kama ajiunge, ninamwambia ajiunge, maana intaneti ni nzuri kweli. Ila kabla ya kusaini fomu aulize kebo itavukia wapi, na kama ni kwenye lami, aombe kuona kibali na kujua ni nani atakayerudi kukagua kiraka baada ya masika. Mimi nilipowauliza swali hilo la mwisho, niliahidiwa kupigiwa simu, na simu hiyo bado naisubiri.