Betri Ilifura Kama Hamri: Siku 19 Mikononi mwa Roboti

Nina kiduka cha kuchapa na kupiga kopi Kibokoni, Mombasa, mlango wa pili kutoka kwa muuza kahawa. Laptopu ndiyo riziki yangu: barua za kazi, fomu za serikali za eCitizen, kadi za harusi. Mwaka na nusu imekaa kwenye umeme tangu asubuhi hadi Isha, na feni ya dari inazungusha joto tu. Mwezi Februari, kaskazi imeshika, kile kibao cha kupitishia kidole kikaanza kuinuka.

Niseme haki, mashine ilinionya. Programu ya kampuni iliyoiunda, ile inayopima afya ya betri, iliniletea ujumbe mara mbili, nami mara zote mbili nikabonyeza "Nikumbushe baadaye".

Nilipoandikia huduma ya wateja, aliyepokea ni akili unde. Kwa kumjaribu nikamwambia, kwa mfano wa andazi letu la Pwani: "Betri imefura kama hamri." Akajibu upesi, Kiswahili cha vitabuni, kwamba hamri si kifaa kinachotambuliwa na mfumo, je, nilikinunua kwao? Nilicheka hadi mteja akaniuliza kulikoni. Lakini nilipompelekea picha ya laptopu imelazwa ubavu, alielewa papo hapo: zima, chomoa waya, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto. Akasoma namba kwenye kibandiko, akaona dhamana bado iko hai, akafungua kesi. Dakika 6. Zamani kwa simu ningesikilizishwa muziki mpaka salio likate. Hapo nawapa nyota zote tano.

Kwenye kipuri ndipo walipoharibu. Roboti alisema betri itafika baada ya siku 4. Siku ya nne, tarehe mpya. Siku ya sita, nyingine tena, na kila ujumbe unaanza na "Habari njema!" Siku ya tisa nikaandika "nataka mtu" mara tano mfululizo, ndipo nikapewa binti mmoja aliyeko Nairobi.

Huyo alinifungua macho. Zile tarehe hukadiriwa na mashine, inayotazama stoo ipi ina kipuri na mizigo iliyotangulia ilichukua siku ngapi. Kibodi au skrini hupanda ndege yoyote. Betri za lithiamu zikisafiri peke yake kama mzigo, ndege za abiria haziruhusiwi kuzibeba tangu Aprili 2016. Zinangoja ndege ya mizigo, tena zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Yangu ilikuwa Dubai inangoja zamu, na mfumo ulikuwa umeihesabia siku kama kibodi.

Kila Jumapili navuka Likoni kumwona mama, natazama meli zikiingia Kilindini na makontena yamepangwa kama matofali. Betri yangu ikapita juu kwa juu hadi Nairobi, kisha ikateremshwa Mombasa na basi la usiku.

Sasa hesabu. Fundi wa Mwembe Tayari alikuwa na betri isiyo ya kampuni kwa shilingi 4,500, na angeifunga nikisubiri. Nilikataa kwa sababu niliambiwa siku 4. Nikakodi laptopu ya jirani kwa 300 kwa siku. Zikawa siku 19, yaani 5,700. Dhamana ya bure hiyo! Wangeniambia ukweli siku ya kwanza, ningejua la kufanya. Kwa hilo nawakata nyota mbili, na sitaki ubishi.

Fundi wao alikuja mwenyewe dukani, kijana mpole, akamaliza kwa dakika 25. Kesi yangu hadi leo inasomeka "kipuri kiko njiani".

Ushauri mmoja wa roboti nimeushika: nimeweka chaji isimame kwenye asilimia 80, maana betri ikijaa pomoni mchana kutwa katika joto letu hili huzeeka haraka. Saa nane jua likiwaka naichomoa kabisa, naenda kwa jirani kunywa kahawa.