Kaunta ya vitabu vya kozi: mwonyeshe mama karatasi yako kabla hujakata tamaa

Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu wa masomo ya jioni katika chuo kimoja hapa Malindi, na mchana naendesha tuktuk, zaidi kati ya sokoni na Kisumu Ndogo. Naandika kuisifu kaunta ya maktaba yetu, ile inayoshughulikia vitabu vya kozi, pamoja na mama anayeihudumia, kwa sababu kila muhula naona wenzangu wakichungulia rafu mara moja, wakikosa, na kutoka wakisema maktaba haina kitu.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mhadhiri alituandikia vitabu vitano ubaoni, tukavipiga picha kwa simu. Kimoja kilikuwa na jina la ukoo la mwandishi tu, hakina mwaka. Kingine jina lake lilikuwa nusu. Nilizunguka saa nzima. Kitabu cha usimamizi wa fedha nilikitafuta kwenye 332, maana rafu za maktaba hupangwa kwa namba za masomo, kwa kuwa pale pana kibao cha "Fedha", nikakuta benki, sarafu na riba. Wateja wangu walikuwa wananipigia simu na mimi sina hata kitabu kimoja mkononi.

Nikaenda kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione hiyo orodha."

Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaniuliza ni somo gani, nani anafundisha, na kazi tuliyopewa inatoka sura gani. Hilo la sura sikulitarajia, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Akanieleza kwamba fedha za kampuni haziko 332, ziko 658.15, upande wa pili kabisa wa chumba, na kwamba ukaguzi wa hesabu uko 657.45, ndani ya uhasibu wenyewe. Kisha akainuka akanipeleka hadi kwenye rafu. Kumbe vitabu vitatu kati ya vitano vilikuwepo siku zote.

Kitabu kikuu cha somo kilikuwa na nakala moja tu ya toleo jipya, na dada mmoja alikuwa anaisoma pale ndani. Rafuni palibaki toleo la 2014. Mama alimwomba yule dada dakika tano, akaviweka vitabu viwili sambamba juu ya kaunta, vyote vimefunguliwa kwenye yaliyomo, akashuka nayo kwa ncha ya penseli, sura kwa sura. Nyingi zilikuwa zile zile, kurasa tu zimesogea. Alipofika sura ya mali ya kukodi akasimama. "Hii usiisome kwenye cha zamani."

Na ni kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16 kilichukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 17. Zamani kampuni iliyokodi jengo kwa miaka mitano mara nyingi iliandika kodi kama gharama tu, basi. Sasa aliyekodi lazima aonyeshe kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, haki ya kutumia jengo lile pamoja na deni lake, isipokuwa mkataba ukiwa wa miezi 12 au pungufu, au kitu chenyewe kiwe cha thamani ndogo. Ningesoma cha zamani, ningeingia mtihanini na jibu ambalo limeshapitwa. Nilimuuliza mama amejuaje, maana yeye si mhasibu. Akafungua jalada la ndani la toleo la 2014: pana kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu, maelezo aliyoyachukua kwa mhadhiri mwenyewe, kwa kalamu ya kijani.

Nakala ya kaunta, yaani ile inayotunzwa hapo kaunta, unapewa kwa saa mbili, huitoi nje, na ukichelewa unatozwa faini. Wapo wanaonung'unika. Mimi namuunga mkono mama, kwani darasa letu lina watu arobaini na kitabu ni kimoja.

Mawili yananiuma. Kaunta inafungwa saa kumi na moja jioni, na sisi wa jioni tunaingia darasani saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo anayefanya kazi mchana kutwa haioni kabisa. Naomba uongozi uiache wazi hadi saa moja, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki. Pili, kompyuta ya katalogi husema kitabu kipo wakati hakijaonekana rafuni kwa miezi.

Na wahadhiri wetu, kwa heshima, tuandikieni namba ya ISBN, zile tarakimu 13 za nyuma ya jalada. Kila toleo lina yake, kwa hiyo mama hatalazimika kubahatisha.

Ukienda, beba kitambulisho cha chuo na karatasi ya kazi yenyewe pamoja na orodha ya vitabu. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, ndipo nakala ya kaunta huwa haijachukuliwa.