Seti ya kufufulia kabureta ya msumeno wa miaka ya 1950: uzoefu wangu

Niseme mapema: vipuri vyenyewe ni vizuri, karatasi ya maelekezo iliyokuja navyo ni ya kufutia grisi mikononi.

Msumeno wangu ni wa mnyororo, wa enzi zile mafundi walipoanza kusema "wa mtu mmoja", ingawa huyo mtu ilibidi awe ameshiba. Ulikaa bandani miaka mingi na petroli ndani, ikakauka ikawa kama gundi. Wanasema ya kale dhahabu. Huu ulikuwa magnesi (ile metali nyepesi ya vifuniko vya injini) na kutu.

Kwa nini kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iwe ya kwanza? Misumeno iliyotangulia, ile mizito ya watu wawili, mingi ilikuwa na kabureta ya boya kama ya pikipiki. Boya linataka kukaa wima. Ukitaka kukata gogo kwa ubavu, ilibidi uzungushe baa (ule upanga unaobeba mnyororo) peke yake na kuiacha injini imesimama. Kabureta ya kiwambo ndiyo iliyoondoa adha hiyo: injini inavuta, kiwambo chembamba kinasogea, kinabonyeza leva, leva inaachia sindano, petroli inaingia, hata msumeno ukiwa kichwa chini. Maisha yote ya mashine yanategemea kile kipande chembamba. Changu kilikatika mkononi kama jani kavu.

Seti ina viwambo, gasketi, sindano, leva, springi na kichujio. Matundu ya skrubu yalilingana yote bila kulazimisha, na viwambo ni laini: ukivibonyeza kwa kidole vinarudi vyenyewe. Hapo sina lawama. Ila usiagize kwa jina la msumeno. Agiza kwa namba iliyogongwa kwenye mwili wa kabureta, kwa sababu msumeno wa umri huo huenda ulishabadilishiwa kabureta na mtu ambaye humjui.

Sasa karatasi. Mchoro wake unaonyesha kiwambo kikilala moja kwa moja kwenye mwili wa kabureta, halafu gasketi juu yake. Nikafuata kama mtoto wa shule. Msumeno ukakohoa mara mbili ukazima, plagi ikatoka imelowa chapachapa. Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena, jioni nzima ikaishia hapo. Kwenye kabureta hii gasketi ndiyo inayotangulia, kisha kiwambo, kisha kifuniko. Ukivigeuza, kiwambo kinakaa karibu mno na leva, kinaibonyeza muda wote, na sindano haifungi. Karatasi haisemi neno kuhusu kimo cha leva pia. Yangu ilitakiwa iwe sawasawa na sakafu ya chumba chake: ikizidi juu petroli inafurika, ikishuka injini inakosa mafuta. Weka rula ndogo juu yake, utaona.

Kosa moja ni langu, halihusiani na muuzaji. Wakati nasubiri mzigo niliamua kusafisha vifuniko vya injini kwa siki, kama nilivyozoea kufanya kwa chuma chenye kutu. Magnesi na asidi havipatani. Niliporudi, bakuli lilikuwa linachemka mapovu bila moto na kifuniko kimeota vishimo kama uso wenye ndui. Siki iache kwa chuma.

Baada ya kupanga gasketi vizuri, injini iliwaka mvuto wa sita. Moshi, kelele, furaha. Dakika chache baadaye, ilipopata joto, ikaanza kupandisha mzunguko yenyewe, na skrubu za kabureta hazikuisaidia hata nizungushe vipi. Nikaizima haraka. Dalili hiyo mara nyingi ni sili za kranki, zile pete za mpira zinazoziba mhimili wa injini: zimekakamaa, hewa inapenya, mchanganyiko unakuwa hafifu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Kwenye injini ya mipigo miwili oili inasafiri ndani ya petroli, kwa hiyo kupungukiwa petroli ni kupungukiwa oili, na pistoni ndiyo inayolipa. Hapa namlaumu aliyeandika kwenye pakiti kwamba ndani mna "kila kitu cha kuamsha injini iliyolala". Mna kila kitu cha kabureta. Sili nilinunua pembeni, na kuzitoa za zamani bila kukwaruza kranki kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya kabureta.

Platini, zile ncha zinazofunguka na kufunga ili kutoa cheche ya plagi, nilizisugua tu kidogo na kupima uwazi wake. Cheche ilikuwa bado kali.

Kuhusu oili: maandishi kwenye tangi yanasema 16 kwa 1, yaani petroli sehemu 16 kwa oili sehemu moja. Hiyo ni hesabu ya oili ya injini ya kawaida ya wakati ule. Natumia oili ya kisasa ya mipigo miwili, 32 kwa 1, na plagi inatoka na rangi ya kahawia ninayoitaka.

Nyota nne kwa vipuri, moja kwa karatasi. Ningenunua tena, na nimeshaagiza seti ya pili ya akiba. Kila nikimaliza kukata namwaga petroli yote na kuiacha injini inywe iliyobaki mpaka izime yenyewe, maana petroli iliyochanganywa na ethanoli inakula mpira, na jioni nyingine kama ile siitaki.