Uzoefu wangu: kamusi ya RAE na neno "hecho" lililonisumbua

Nahudumia wateja katika mkahawa mmoja hapa Valencia, Hispania. Miezi ya mwanzo nilitegemea programu ya bure ya kutafsiri kwenye simu. Jioni moja mzee mmoja aliagiza nyama "poco hecha". Programu ikanipa "imefanywa kidogo". Nikadhani anataka kipande kidogo, nikaandika hivyo. Alipokata akakuta nyama imeiva mpaka imekauka, na alitaka iwe bado nyekundu ndani. Hakufoka, alinieleza taratibu, lakini sahani ilirudi jikoni na mimi niliona haya sana.

Usiku ule mpishi alinionyesha dle.rae.es, kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoundwa mwaka 1713 kuilinda lugha ya Kihispania. Hulipi chochote wala hujisajili. Msingi wake ni toleo la 23 la mwaka 2014, ila mtandaoni huongezewa maneno na marekebisho kila mara.

Neno la kwanza kulitafuta lilikuwa "hecho". Kamusi inakuambia lilikotoka: kwenye kitenzi "hacer", na nyuma zaidi Kilatini "factus". Kisha inaeleza kuwa ni kitu kilichokamilika, kilichokomaa. Hapo ndipo nilipoielewa ile nyama! Sisi tuna kufanya, kutengeneza, kuiva na kukomaa, kila kimoja na kitenzi chake. Mhispania anavitia vyote ndani ya "hecho". Kikapu "hecho a mano" kimetengenezwa kwa mkono. Nyama ni "poco hecha", "al punto" au "muy hecha", kadiri ilivyoiva. Ukilitumia kama jina, "un hecho" ni tukio au jambo lililothibitika.

Halafu kuna misemo, ambayo kamusi huiweka chini ya maana za kawaida. Msiipite. "De hecho" ni kama sisi tunavyosema "na kwa kweli" tukitaka kukazia neno. Lakini kwenye fomu moja nilikuta "pareja de hecho", nikakwama. Hao ni watu wanaoishi pamoja bila ndoa, na uhusiano wao unaweza kusajiliwa serikalini. "De hecho" hapo ni hali ilivyo maishani, na kinyume chake ni "de derecho", hali ilivyo kisheria. Mwenye kutafsiri neno kwa neno hafiki hapo kamwe.

Jambo ambalo kamusi haikufundishi ni namna neno linavyobadilika ndani ya sentensi. Hilo nimelipata kazini. Ukisema "he hecho las camas", yaani nimetandika vitanda, "hecho" haliguswi, hata vitanda viwe kumi. Ukisema "las camas están hechas", vitanda vimetandikwa, lazima lifuate jinsia na wingi wa vitanda. Kwangu halikuwa geni, maana nimekua na ngeli: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Tena tofauti ya "fue hecho" na "está hecho" inanikumbusha mlango ulifungwa na mlango umefungwa. Wa kwanza unaangalia tendo, wa pili unaangalia hali iliyobaki. Naamini Mswahili ana pa kuanzia hapa kuliko anavyodhani.

Angalieni pia tahajia. Herufi h haitamkwi, kwa hiyo "hecho" na "echo" husikika sawasawa. Hilo la pili linatoka kwenye "echar", kutupa au kumimina, na ndilo lililomo katika "te echo de menos", nimekukosa, nina hamu nawe. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu na h, akanirekebisha.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu maelezo yote ni ya Kihispania, na anayeanza kabisa atazama. Miezi mitatu ya kwanza tumia kamusi ya lugha mbili, kisha hamia hii. Ukikutana na neno usilolijua ndani ya maelezo, liguse tu, litafunguka lenyewe. Na ukifungua kitenzi utapata jedwali lake zima la minyambuliko. Mimi ndivyo nilivyovikariri "hecho", "dicho", "puesto", "visto", "roto" na "escrito", vile visivyofuata kanuni, kimoja kila siku nikiwa kwenye basi. Wiki hii niko kwenye "puesto". Kumbe ni kilichowekwa, ni kibanda cha sokoni, na ni nafasi ya kazi.