Hifadhi ya Ziada ya PS5 na Xbox: Diski ya M.2 au Kadi ya Kampuni?

Chumba changu cha gemu kiko Majengo, Mombasa, na kina mashine nne: PlayStation 5 mbili za toleo la kwanza, Xbox Series S moja, na PlayStation 4 kuukuu ambayo, kwa sababu vijana wa mtaa wameizoea kwa mpira, bado inaingiza pesa kuliko hao wadogo zake watatu. Tathmini hii inahusu vitu viwili nilivyovinunua mwaka 2025 na kuvitumia kila siku tangu hapo, navyo ni diski ya M.2 (kijibamba chembamba cha kuhifadhia gemu) ya WD_BLACK SN850X yenye terabaiti 1 na bamba lake la kupoza joto, niliyoitia katika PS5, na kadi ya Seagate ya terabaiti 1 iliyotengenezwa mahsusi kwa Xbox za Series X na Series S.

Haja ya kununua ilikuwa ya hesabu tu. PS5 ya toleo la kwanza huandikwa gigabaiti 825, lakini mfumo wenyewe ukishachukua fungu lake mwenye mashine hubakiwa na 667 hivi. Series S huandikwa 512, na kinachobaki ni 364. Gemu moja kubwa, kama Call of Duty au NBA 2K, hupita gigabaiti 100 peke yake, kwa hivyo Series S hujaa kabla mtu hajamaliza kutaja anachokipenda. Mteja akija kuulizia gemu niliyoifuta jana ili kupisha nyingine, kuipakua upya kwa mtandao wangu wa megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11 kwa kila gigabaiti 100, hiyo ikiwa umeme haukukatika katikati. Mteja wa gemu hangoji saa 11. Huvuka barabara akaingia kwa jirani.

Sony na Microsoft walilijibu tatizo hili moja kwa njia mbili zilizoachana kabisa. Sony waliweka ndani ya PS5 tundu la M.2, yaani tundu lile lile linalopatikana katika tarakilishi za kawaida, kisha Septemba 2021 wakalifungua kwa sasisho la mfumo na kutangaza masharti: diski iwe ya NVMe, yaani ya aina ya kasi inayopitisha data kwa njia iitwayo PCIe, na PCIe hiyo iwe ya kizazi cha nne, kasi yake ya kusoma, kwa pendekezo lao, iwe megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi, iwe na kitu cha kuipoza joto, na unene wote kwa pamoja usizidi milimita 11.25. Anayetimiza masharti hayo aitengeneze na kuiuza kwa bei aitakayo. Microsoft walibuni tundu lao wenyewe nyuma ya Xbox, lenye umbo ambalo diski ya dukani haiingii, na tangu mashine hizo zilipotoka Novemba 2020 kadi yake ikawa inatengenezwa na Seagate peke yao hadi mwaka 2023.

Nianze na diski ya M.2, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kwa fimbo. Duka la kwanza nililoingia mjini sitalitaja. Muuzaji, kijana mwenye adabu na haraka, alinitolea kijibamba chembamba ndani ya kifurushi kilichofungwa, akasema, “Ami, hii ndiyo watu wote wanachukua, ya PS5 hii.” Nilikitazama kwa makini nilivyoweza. Nilijua kwamba diski za M.2 za aina ya SATA, aina ya zamani na ya polepole ambayo PS5 haiitaki, kwa kawaida huwa na pengo mbili kwenye meno yake ya shaba, na za NVMe huwa na pengo moja. Hii ilikuwa na pengo moja. Nilijua kwamba nambari 2280 iliyochapwa juu yake maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ukubwa ambao PS5 inaukubali. Nisichokijua ni kwamba diski ya kizazi cha tatu na ya kizazi cha nne zikiwekwa kiganjani hufanana kama mapacha, na kwamba tofauti yake huonekana tu kwa kusoma jina kamili la modeli na kulitafuta mtandaoni kabla ya kutoa pesa. Nililipa kwa M-Pesa, nikaenda zangu. Usiku ule PS5 iliwaka, ikaniandikia kwenye skrini kwamba diski ile haiwezi kutumika. Kesho yake muuzaji alisema, bado kwa adabu, kwamba kifurushi kikishafunguliwa bidhaa hairudishwi.

Duka la pili nililiingia nimejifunza. Modeli niliiandika kwenye karatasi, nikaomba nione kifurushi kabla ya kusikia bei, na nikachagua ile ambayo bamba la kupoza joto limekuja limefungwa tayari. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa msomaji wa pwani. Wapo wanaouza diski tupu kwa bei ya chini na bamba lake kando, na kazi ya kuvishika pamoja si ngumu, ila kuna vipande vya mpira laini vinavyopitisha joto baina ya diski na chuma, na vipande hivyo huja na karatasi nyembamba ya plastiki inayopaswa kubanduliwa pande zote mbili. Nimewahi kufungua mashine ya mtu iliyokuwa ikilalamika joto kila alasiri, nikaikuta plastiki hiyo ya buluu imekaa pale pale kama siku ilipotoka kiwandani. Katika mji ambao mwezi wa Februari feni huzungusha hewa ya moto tu, kosa hilo dogo haliwezi kusamehewa.

Kuitia ndani kulinichukua robo saa. Mashine inazimwa kabisa na kuchomolewa waya, inalazwa, kisha lile bawa jeupe linainuliwa pembeni na kuvutwa hadi litoe mlio wa kuachia, mlio ambao mara ya kwanza utakufanya udhani umevunja kitu. Chini yake kuna kifuniko kirefu cha chuma chenye skrubu moja. Ukikitoa, unaliona tundu lenyewe, na ubavuni mwake zimepangwa nafasi za diski za urefu mbalimbali, pamoja na skrubu ndogo na pete yake ambayo lazima ihamishiwe kwenye nafasi ya 80. Pete hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele wa biriani. Tandika shuka jeupe sakafuni kabla hujaanza, maana ikikudondoka kwenye zulia utaitafuta mpaka adhana. Skrubu za mashine iliyokaa Mombasa miaka mitatu zilikuwa zimeanza kushika kutu kidogo kwa hewa ya chumvi, kwa hivyo bisibisi iwe ya nyota, iwe ya saizi yake, na ikandamizwe vizuri, la sivyo kichwa cha skrubu kitaliwa.

Ulipowashwa umeme, PS5 iliomba ruhusa ya kufomati, ikaipima diski, ikaonyesha kasi ya megabaiti elfu sita na mia kadhaa kwa sekunde. Mtengenezaji huandika 7,300, na sikuona sababu ya kugombana naye kwa tofauti hiyo. Katika kucheza, hakuna kijana hata mmoja chumbani mwangu aliyeweza kutambua gemu ipi iko kwenye hifadhi ya ndani na ipi iko kwenye ile niliyoiongeza, nami niliwajaribu makusudi kwa soda. Jambo moja tu la kukumbuka ni kwamba kumbukumbu za mchezaji, yaani pale alipofikia katika gemu, hubaki kwenye hifadhi ya ndani; diski ya M.2 hubeba gemu zenyewe na programu.

Kadi ya Xbox, kwa upande wake, haina hadithi ndefu, na huo ndio uzuri wake wote. Unaitoa kwenye boksi, unaisukuma katika tundu lililoandikwa nyuma ya mashine, na kabla hujarudi kwenye kiti skrini imekwisha kukuambia kwamba hifadhi imeongezeka. Hakuna bisibisi, hakuna kizazi cha tatu wala cha nne cha kuulizia, hakuna bamba la joto la kununua kando, kwa kuwa gamba lake la chuma ndilo linalofanya kazi hiyo. Ukiigusa baada ya saa kadhaa za mchezo utaiona ina vuguvugu. Gemu zilizomo husafiri nayo. Nimevuka feri na kadi mfukoni hadi kwa mwenzangu wa Likoni mwenye Xbox kama yangu, nikaichomeka, nikaingia kwa akaunti yangu, na watu wakacheza bila kupakua upya. Diski ya M.2 iliyofungwa kwa skrubu chini ya kifuniko haikuumbwa kwa matembezi ya namna hiyo, na kwa mwenye vyumba viwili vya gemu hili si jambo dogo.

Bei ndiyo inayouma. Diski ya M.2 niliilipia shilingi 14,500 baada ya kubishana, na kadi ya Xbox yenye ukubwa ule ule wa terabaiti 1 niliilipia 27,000, na sikupata wa kubishana naye, kwa kuwa maduka matano niliyoyazunguka moja tu ndilo lililokuwa nayo, tena kadi moja. Anayedhani kwamba gharama hiyo inatokana na ufundi wa ajabu ulio ndani ya kadi atazame kilichomo: ni hifadhi ya NVMe ya jamii ile ile inayotumika katika M.2, tena inayopitisha data kwa njia mbili za PCIe pale ambapo PS5 hutumia njia nne. Unacholipia zaidi ni umbo la tundu. Ushahidi ulio wazi ni huu: kadi ya Seagate ya terabaiti 1 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 219.99, na ilipofika mwaka 2023 WD (Western Digital, wenye ile diski yangu ya M.2) nao wakaruhusiwa kutengeneza kadi yao, C50, wakaiuza kwa dola 149.99, na Seagate wakashuka wakawafuata. Kilichobadilika ni kwamba sokoni palikuwa na mtu wa pili.

Mchezo huu wa kumfunga mnunuzi kwa hifadhi ya kampuni moja haukuanzia kwenye mashine hizi. Xbox 360 ya mwaka 2005 ilitumia diski ya kawaida ya inchi 2.5 iliyovishwa ganda la kampuni, ilhali PlayStation 3 iliyofuata mwaka mmoja baadaye ilimruhusu mwenyewe kutia diski yoyote ya ukubwa huo. Kisha Sony hao hao wakaja na PlayStation Vita, ambayo haikukubali kadi nyingine ila yao wenyewe, ghali na ndogo. Kwa hiyo simsifu Sony kwa tabia njema. Nasifu tundu la M.2.

Diski ya nje ya USB niipitie upesi. PS5 huruhusu gemu zake kuhifadhiwa humo, lakini si kuchezwa kutoka humo, na Xbox vivyo hivyo kwa gemu zilizotengenezwa mahsusi kwa Series. Gemu za PS4 na za Xbox One huchezwa moja kwa moja. Kwa mwenye mtandao wa polepole ni ghala zuri, maana kuhamisha gigabaiti 100 kutoka humo ni nusu saa badala ya usiku kucha. Anayeanza na fedha chache aanze na hiyo.

Neno “sanifu”, linalotumiwa kwa vitu kama tundu la M.2, nalo lisimlaghai mnunuzi. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inakubali kadi za microSD Express, ambazo kwenye karatasi ni sanifu kabisa na kampuni yoyote inaweza kuzitengeneza. Lakini mteja wangu mmoja aliyeletewa mashine hiyo kutoka Dubai alizunguka kutoka Barabara ya Digo hadi Nyali akitafuta kadi, na kila duka lilimtolea microSD ya kawaida, ile ya simu, ambayo Switch ya kwanza iliipokea vizuri na hii ya pili haiwezi kuitumia kwa gemu. Kadi sanifu isiyokuwa kwenye kaunta humtesa mnunuzi sawasawa na kadi ya kampuni moja.

Kwa hesabu yangu mimi, diski ya M.2 naipa nafasi ya kwanza bila kusita, na tayari nimeweka akiba ya kununua ya pili kwa PS5 iliyobaki. Kadi ya Xbox ningemshauri kuinunua mtu mwenye mashine zaidi ya moja, au mzazi asiyetaka kufungua chochote kwa bisibisi. Na ile diski ya kizazi cha tatu niliyokataliwa kuirudisha sikuitupa. Mpwa wangu anayesoma Tudor ana kipakatalishi kilichokuwa kikichukua dakika nzima kuwaka. Tulikigeuza juu ya meza ya mamake, tukafungua skrubu kumi, tukaitia humo, na sasa kinawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti.